Bega la Verlene Lahamishiwa Pruitt

Kila asubuhi baada ya kahawa Verlene Banks aliandika maumivu yake, kwa mkono wa kushoto, katika daftari la shule lenye jalada la kijani. Wakili ndiye aliyemwagiza. Aliandika saa, akaandika alichokuwa akijaribu kufanya, kisha akaandika bega lilivyomjibu. Saa moja na nusu, kuvaa, nimeshindwa, Banks amenifunga vifungo. Saa mbili, kufikia sukari, nimeteremshiwa. Mumewe Cleotha, ambaye yeye alimwita Banks, alikaa upande wa pili wa meza akipaka siagi mikate ya wote wawili, na hakutupa jicho kwenye daftari mpaka lifungwe. Alisema mtu anayeandika asichunguliwe.

Daftari lilikuwa na kurasa mia mbili. Februari ile zilikuwa zimejaa mia moja na sabini.

Ajali yenyewe ilikuwa fupi. Wahudumu wa mlangoni wa Kanisa la Kibaptisti la Kanaani Mpya walikuwa wakirudi kutoka mkutano wa wahudumu wenzao, watu tisa wenye sare nyeupe ndani ya basi dogo la kanisa. Kule vilimani, katika Kaunti ya Pruitt, lori la chakula cha kambare liliteremka mlima bila breki likawagonga ubavuni. Wenzake walitoka na michubuko. Verlene ndiye aliyekuwa amekaa upande uliogongwa. Bega lake la kulia lilichanika ndani, mahali ambapo daktari alisema hapashoneki, na tangu siku hiyo mkono wake haukupanda kupita kiuno.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la jikoni na la kabati la nguo. Verlene alikuwa kiongozi wa wahudumu kwa miaka ishirini na miwili. Bondeni kwao, katika mashamba ya pamba na mabwawa ya kambare, mhudumu wa mlangoni hasemi neno ibada ikiwa inaendelea. Mkono wa kushoto huukunja ngumi mgongoni, na kwa mkono wa kulia wenye glavu nyeupe hupanga watu mia tatu. Vidole viwili juu, nafasi mbili zimebaki mbele. Kiganja kimesimama, mlango ufungwe, watu wako kwenye maombi. Verlene akiinua mkono, hata mashemasi waliokuwa wakinong'onezana habari za mpira walinyamaza. Sasa alikaa benchi la nyuma kama mgeni, na aliyeshika nafasi yake alichanganya ishara, watu wakawa wanakaliana mapajani.

Siku ya kwanza ofisini kwake, wakili Thaddeus Pickens alimuuliza anataka nini hasa. Verlene alisema anataka mwenye kampuni ya lori asimame mbele ya watu aseme lori lilikuwa lake na breki alizijua.

"Na kingine, Bi Verlene?"

"Nipatie hicho kwanza."

Kampuni ilikuwa imekwishamwandikia barua kwamba bega lile liliharibika zamani, katika kiwanda alikokuwa akichuna kambare ujanani mwake. Barua ilikuwa na adabu nyingi. Ilimtakia afya njema mara mbili.

Pickens alifungua kesi nyumbani, katika Mahakama ya Kaunti ya Tallabusha. Sheria ilisema kesi ya namna hiyo ifunguliwe anakoishi mmoja wa wadaiwa au ilikotokea ajali. Ajali ilitokea Pruitt na kampuni ilikuwa Pruitt, lakini dereva wa lori, ambaye naye alishtakiwa, alipanga nyumba Tallabusha, mtaa wa pili kutoka kanisani. Kesi nzima Pickens aliitundika kwa dereva huyo. Alitaka iamuliwe na baraza la raia kumi na wawili wa bondeni, watu waliowahi kuonyeshwa kiti na mkono ule. Kule vilimani watu weusi kama Verlene walikuwa wachache kiasi cha kujulikana kwa magari yao, na timu ya watoto ya besiboli ilivaa jina la kampuni mgongoni.

Ikajulikana kwamba wiki moja kabla ya kesi kufunguliwa dereva alihamia kwa mama mkwe wake, Pruitt. Hakumuaga mtu. Mawakili wa kampuni walileta mahakamani risiti ya maji, ya umeme, na barua ya mama mkwe iliyosema dereva yuko kwake na anakula sana. Jaji wa Tallabusha alizisoma zote, akamtazama Pickens kwa huruma, akaandika amri: kesi imefunguliwa katika mahakama isiyo yake, ihamishiwe Mahakama ya Kaunti ya Pruitt pamoja na kila kilichomo.

"Kwa hiyo tumeshindwa," Cleotha alimwambia Pickens kwenye ngazi za mahakama.

"Hatujashindwa, Bwana Banks. Tumehama."

"Mimi nimewahi kuhamishwa shamba na mwenye shamba, Wakili. Nalijua neno hilo."

Majalada yaliandaliwa ofisini kwa Pickens siku ya Jumanne. Aliyeyapanga ni katibu wake, Dada Earnestine, ambaye Jumapili alikuwa mkuu wa wauguzi wa kanisa, wale wanawake wa kofia nyeupe wanaowapepea waliozidiwa. Mahakama ilitaka nakala ya daftari. Earnestine alisema nakala ni ya mtu mwenye jambo la kuficha, akaweka daftari lenyewe. Kisha akafanya kama wanavyofanya watu wa bondeni kwa chochote kinachokwenda safari ndefu, kiwe gari jipya, kijana anayekwenda jeshini au sufuria ya chakula cha msiba. Aliwaita wauguzi wenzake wawili, akawaita Verlene na mumewe, wakaweka mikono juu ya boksi.

Katika kanisa lao mtu haombi nusu nusu. Earnestine aliomba dakika kumi na tano. Alimwomba Bwana achukue kila kilicho cha dada yao katika jambo hili akifikishe Pruitt, kizima kama kilivyo, asibakize hata chembe. Wote wakasema amina. Cleotha alisema amina mara mbili.

Jumatano, saa nne na robo, gari la barua lilivuka daraja la mpakani. Verlene alikuwa anaosha vyombo. Alifuta sahani ya mwisho, akainua mkono wa kulia, akaiweka kwenye rafu ya juu. Akasimama hapo kidogo, mkono ungali juu.

"Banks," alisema. "Maumivu yameondoka."

Cleotha alitoka sebuleni na gazeti lake. Alimtazama mkewe, akaitazama rafu. "Yote?"

"Yote."

Wakampigia Pickens simu. Pickens hakuwa na furaha. Aliuliza kama daftari lilikwenda lenyewe au nakala. Aliuliza kama liliombewa, na nani, na kwa maneno gani.

"Alisema asibakize?"

"Alisema hata chembe."

Pickens alishusha pumzi ndefu. Alisema hilo lilishatokea, mwaka wa themanini na tatu, kwa mzee mmoja aliyeshtaki kiwanda cha dawa za pamba. Kikohozi chake kilikwenda na majalada mpaka mji mkuu, na hakikupatikana tena. "Sasa nisikilize, Bi Verlene. Huo mkono usiuinue mahali penye watu. Kampuni ina watu wa kupiga picha."

"Hata kanisani?"

"Hasa kanisani."

Kwa hiyo, kwa miezi miwili na nusu ambayo hakuwa na maumivu, Verlene aliendelea kukaa benchi la nyuma na mkono mapajani. Glavu zake zilikuwa kwenye droo. Mchana mmoja Cleotha alirudi kutoka kununua mbegu za bamia akamkuta sebuleni, mapazia yamefungwa, glavu moja mkononi, ngumi ya kushoto mgongoni. Alikuwa akiwaelekeza watu ambao hawakuwapo. Vidole vitatu juu. Kiganja kimesimama. Cleotha alisubiri nje ya mlango mpaka alipoushusha mkono, kisha akaingia, akauliza kama wamebakiwa na mayai.

Kule Pruitt, boksi lilipokelewa siku hiyohiyo ya Jumatano saa tisa mchana na karani wa mahakama, Bi Marjorie Stovall. Alikata utepe, akafungua daftari la kijani ukurasa wa kwanza, na mkono wake wa kulia ukashuka. Muhuri ulianguka sakafuni. Alipoinama kuuokota hakuweza.

Daktari wa mji alimwona kabla ofisi hazijafungwa. Hakumuuliza kama aliwahi kuchuna kambare. Alipiga picha, akaona mchaniko, akaandika barua ya ukurasa mmoja, na barua hiyo haikupingwa na mtu. Kesho yake waliteremsha rafu za majalada, wakambadilishia kitasa cha mlango, na wake wa mawakili wakaanza kumletea chakula kwa zamu. Jaji mwenyewe alibeba kiti chake kutoka chumba cha juu akampa, kwa kuwa kilikuwa na mahali pazuri pa kuegemeza mkono.

Verlene, Cleotha na Pickens walimkuta kwenye kiti hicho siku ya Mei waliyoitwa kusikilizwa. Pickens aliingia kutafuta chumba cha mahakama. Verlene alisimama mbele ya kaunta aandikishe jina. Bi Stovall alisukuma kitabu kwa mkono wa kushoto, na katika kusukuma huko bega la kulia likamshtua. Alifumba macho, akavuta hewa kwa meno.

Verlene aliijua hewa ile. "Unalalia upande gani?" aliuliza.

"Silali," alisema Bi Stovall.

"Lala chali. Mto mdogo uweke chini ya kwapa, usiwe wa manyoya, huo hushuka. Ukivaa blauzi anza na mkono mgonjwa. Ukivua, malizia nao."

Bi Stovall alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa mwanamke wa umri wake hasa, mwembamba, mwenye miwani ya mnyororo. "Wewe ndiye Bi Banks."

"Ndimi."

"Nimesoma daftari lako. Nimelisoma mara tatu. Ile ya tarehe kumi na tisa Oktoba, ya kufungua kopo." Alishusha sauti. "Yote ni kweli. Hujaongeza hata kidogo."

"Najua sijaongeza."

"Nilikuwa nasoma na kusema, ndiyo, hivyo hivyo." Alisogeza kalamu hapa na pale mezani. "Yule bwana wa kampuni alikuja kuniona. Ijumaa Kuu. Tunasali kanisa moja. Alisimama hapo hapo uliposimama, kofia mkononi."

Cleotha, aliyekuwa amekaa benchi la ukutani, aliinua kichwa.

"Alisema nini?" aliuliza Verlene.

"Alisema lori lilikuwa lake. Alisema breki alizijua tangu Krismasi iliyotangulia ajali, akaona zitavumilia. Akaomba radhi. Alilia kidogo."

"Kwa maneno hayo?"

"Kwa maneno hayo."

Verlene aliandika jina lake kitabuni, polepole, kwa mkono wa kulia. "Nilitaka kuyasikia," alisema.

Bi Stovall alikivuta kitabu upande wake. Alisema maua aliyoletewa na bwana huyo bado yapo nyumbani, lakini yamenyauka.

"Ungemwambia jaji?"

"Mimi ni karani, mama. Karani hatoi ushahidi katika jalada analolitunza. Wangeniondoa hapa." Alitazama mlango. "Na wamenipa mapumziko kuanzia Jumatatu. Mshahara kamili. Wamekuwa wema sana."

"Naona," alisema Verlene.

Kesi ilisikilizwa kwa muda wa saa moja. Daktari wa kampuni alimwomba Verlene ainue mkono, na Verlene, aliyekuwa ameapa kusema kweli, aliuinua. Ulikwenda juu mpaka mwisho, umenyooka, kiganja wazi, na watu wote chumbani wakanyamaza ingawa hakuna aliyewaambia. Daktari aliandika kwamba bega ni zima, na kwamba ni zuri kwa mwanamke wa umri ule.

Pickens alisimama. Alisema mahakama yenyewe inajua maumivu haya yako wapi. Yako chini ya ngazi, yamekalia kiti cha jaji, na mwenye kampuni amekwishakwenda kuyaomba radhi.

Jaji hakukasirika. Alikuwa mtu wa makini, na alikiri yote. Alisema ni kweli maumivu yalihamishwa na kesi kwa amri halali, na kwamba yamo ndani ya kaunti hii. Alisema ameyaona kwa macho yake kila siku ya kazi na yanamhuzunisha. Lakini mtu aliye nayo hakushtaki, na mtu aliyeshtaki hanayo. Kuhusu radhi ya mwenye kampuni, alisema ilitolewa kwa mwenye maumivu, kama inavyostahili.

Pickens akaomba maumivu yarudishwe kwa mteja wake, hata kwa siku moja, ili kesi isikilizwe.

"Yarudishwe wapi, Bwana Pickens?"

"Tallabusha, mheshimiwa. Anakoishi."

Jaji alifunua amri ya mwenzake wa bondeni, akaisoma tena tangu mwanzo. Alisema mahakama ya Tallabusha ilishaamua kwamba si mahali pa jambo hili. Hawezi kulihamishia mahali lilikofukuzwa. Akaifuta kesi. Akaagiza vielelezo virudishwe kwa wenyewe baada ya siku thelathini, kama ilivyo desturi, iwapo hakuna rufaa.

Gari lao lilivuka daraja la mpakani. Kisha Pickens akasema wanaweza kukata rufaa.

"Rufaa wanasikiliza wapi?" aliuliza Cleotha.

"Mji mkuu."

"Kikohozi cha yule mzee kiko huko bado?"

Pickens alicheka, kisha akaacha kucheka. Verlene alisema hataki rufaa.

Siku thelathini zilikuwa na Jumapili nne. Kampuni haikuwa na sababu tena ya kupiga picha. Jumapili ya kwanza Verlene alifungua droo, akavaa glavu, akaenda mapema. Aliyekuwa ameshika nafasi yake alimwachia mlango. Jumapili ya pili walikuwa na wageni wa kwaya kutoka makanisa matatu, na Verlene aliwakalisha wote, mia nne na kumi, katika kanisa la watu mia tatu, na hakuna aliyekalia mwenzake. Ya tatu ilinyesha. Ya nne ilikuwa ubatizo. Leo, miaka mingi baadaye, Cleotha anaishi peke yake, na mengi ya ndoa yake yamechanganyika kichwani, mwaka huu na mwaka ule, lakini Jumapili hizo nne hazichanganyi. Anajua katika ipi alisimama upande gani wa mlango. Anajua jinsi mkono ulivyopanda, bila haraka, na watu wakageuka kuutazama.

Siku ya thelathini na mbili mtu wa posta alisimama uani na bahasha nene ya kahawia. Ilihitaji sahihi. Verlene alitoka hadi ngazini, Cleotha nyuma yake.

"Kataa," alisema Cleotha.

"Mtu anaweza kukataa?" Verlene alimuuliza mtu wa posta.

"Anayepelekewa anaweza kukataa, Bi Verlene. Hapo naandika imekataliwa, inarudi ilikotoka. Hawairudishi tena."

"Umesikia?" alisema Cleotha. "Waachie. Wao wana rafu fupi. Wana kiti. Yule mama wanampelekea chakula mpaka mlangoni, Verlene. Wewe nani alikuletea hata boga?"

"Earnestine aliniletea boga."

"Usinifanyie mzaha leo."

Verlene aliichukua bahasha kwa ukingo, akaigeuza asome. Juu yake, kwa mwandiko safi wa mtu aliyeandika kwa mkono asiouzoea kabla ya kuanza mapumziko yake, palikuwa na maneno: Daftari linalohusu bega la Bi Stovall. Lirudishwe kwa aliyeliandika.

Alimpa Cleotha naye asome. Cleotha alisoma, akasoma tena, akaangalia barabara.

"Likirudi kule, bega litakuwa lake moja kwa moja," alisema Verlene. "Na lori litakuwa lilimgonga yeye. Mimi nitakuwa mtu aliyeandika tu."

"Wacha liwe lake. Wewe kaa na mkono."

"Banks, nilikuwa ndani ya lile basi."

Cleotha alitaka kusema tena. Mtu wa posta alitazama saa yake, kwa heshima, akasema ana mtaa mzima bado.

Verlene aliomba kalamu. Aliishika kwa mkono wa kulia, akaweka karatasi ya kupokelea juu ya nguzo ya ngazi, iliyomfikia kifuani, na hakuishusha. Jina la kwanza aliliandika vizuri, herufi zimesimama. La pili lilianza vizuri likateremka, mpaka herufi ya mwisho ikatoka nje ya karatasi na kuishia kwenye mbao. Mkono ukarudi kiunoni, na kalamu ikaanguka kwenye majani.

Mtu wa posta aliiokota, akaipangusa kwa shati. Alisema jina linasomeka vya kutosha, akaenda nyumba ya pili.